Kamba za Mafundo za Darasa la Sita

Kimbunga kiliuchukua ukuta wa darasa la sita, ule wa upande wa bahari, na mbao za kuujenga upya zilipoletwa, Mwalimu Leimara aliomba zitengenezwe madawati. Ukuta hakuutaka tena. Alitaka watoto wakae wakiona maji yanavyokupwa.

Kila Ijumaa ya bamvua aliwashusha mwambani, suruali na sketi zimekunjwa magotini, wakahesabu chaza wakubwa, wale wanaofumbua midomo ya samawati chini ya maji. Hawakuandika, maana daftari hulowa. Aliyemwona chaza aliita, na mfunga mafundo, ambaye mwaka wa tatu alikuwa Toara, msichana mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, akafunga fundo kwenye kamba. Jioni kamba ilitundikwa darasani.

Leimara alilelewa na mwamba ule. Mama yake alikuwa akikuna viazi vikuu vya laplap, chakula kinachookwa kwa mawe ya moto, anawasha moto, ndipo ashuke pwani. Na kabla mawe hayajapata moto sawasawa, ameshapanda na kapu zito. Hakuwahi kurudi mikono mitupu. Hilo ndilo Leimara alilotaka watoto wa kijiji chake cha Lamatu walirithi, wala hakujua namna nyingine ya kuwarithisha ila kuwafundisha kuhesabu.

Mwaka wa kwanza kamba ilikuwa na mafundo arobaini na matatu. Wa pili, ishirini na saba. Wa tatu yalikuwa kumi na moja, na Toara alipofunga la mwisho aliuliza kama wadogo zake, wakifika darasa la sita, watahesabu mawe.

Swali lile lilimnyima mwalimu raha. Wiki mbili mbele mdogo wake chifu alikuwa anaoa, na harusi pale huanza kwa watu kuzoa mwambani kila kinacholika. Mara mbili Leimara alimwendea Chifu Kaltapau, akamwomba aufunge mwamba kabla ya siku hiyo. Mara mbili Kaltapau, aliyekaa naye dawati moja utotoni, akamjibu kwamba wazee watalikalia jambo hilo. Hawakulikalia.

Ijumaa iliyofuata akafanya kosa. Aliwaongoza watoto kukata majani mawili ya namele, alama ya mwiko, wakayafunga msalaba kwenye mti, wakausimika mwambani. Penye namele hakuna mkono unaogusa. Mtoto wa Lamatu hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini namele husimikwa na chifu peke yake, na hilo Leimara alilijua vilevile. Alijiambia tu kwamba chaza kumi na mmoja hawana muda wa kungoja vikao.

Jua halijatua, mti ulikuwa umeng'olewa, naye ameitwa mbele ya kijiji kizima katika nakamal, jumba la mikutano.

"Zamani mimi nilinakili hesabu zako, Leimara," akasema Kaltapau. "Leo wewe umenakili jani langu."

Watu wakacheka. Chifu mwenyewe hakucheka. Adhabu ilikuwa nguruwe mmoja na mikeka miwili, na mpaka vitolewe, hakuna mtoto kushuka mwambani.

Mikeka alikuwa nayo. Nguruwe, mjane kama yeye angempata wapi? Kilichomuuma zaidi ni kwamba watoto walikuwa wamevunja mila kwa kumfuata yeye. Jumatatu aliwaambia hivyo bila kuficha: kosa ni lake, wao hawamo.

Toara akasimama. "Mwalimu, Spika si yupo?"

Spika alikuwa nguruwe wa darasa, aliyepewa jina hilo kwa kumkatiza kila anayesema. Walikuwa wamemlea mwaka mzima kwa maganda na makombo ili aliwe siku yao ya kuaga shule. Leimara alikataa katakata. Wakamwambia wao wataaga kwa laplap ya ndizi. Mmoja akanung'unika kwamba laplap ya ndizi bila nyama ni adhabu kubwa kuliko ile ya chifu, lakini hata yeye aliinua mkono.

Jumamosi nakamal ikajaa. Spika aliingia akivutwa mguu, akiwakatiza wazee wote. Kaltapau akamwekea mkono mgongoni, na hapo kosa likafutika. Na aliyefutiwa kosa ana haki ya kusema akasikilizwa. Leimara akampisha Toara.

Msichana hakuhutubia. Alizilaza kamba tatu juu ya mikeka: ndefu, fupi, fupi zaidi. Kaltapau akainama akapapasa mafundo moja moja, taratibu, kama mtu anayepapasa mbavu za mgonjwa wake.

"Nani kawamaliza?"

"Sisi sote, Chifu. Watatu niliwala mimi. Uliowala wewe tulikosa kamba ya kuwahesabu."

Kisha Kaltapau akacheka, akacheka mpaka akajishika kiuno, na nakamal nzima ikamfuata.

"Basi harusi itamla Spika," akasema. "Mwamba una wenyewe."

Kesho yake, baada ya ibada, aliingia majini na shati lake la kanisani, akasimika namele kwa mkono wake. Walinzi aliowataja walikuwa darasa la sita, na kila darasa la sita litakalofuata.

Mwaka wa tano tangu namele ile isimikwe, kamba haikuenea darasani. Waliinyoosha kutoka ubaoni, ikapita kati ya madawati, ikatoka pale pasipo na ukuta, ikafika mchangani. Leimara aliifuata peku hadi fundo la mwisho, akalishika, akaliinua juu, na watoto wakapiga makelele ambayo Spika angeyaonea wivu.

Toara siku hizi ni mwalimu kisiwa cha pili. Wiki yake ya kwanza aliiomba kamati ya shule ivunje ukuta mmoja wa darasa lake, ule wa upande wa bahari. Kamati ikamwandikia Leimara kuuliza kama msichana wake yule ni mzima.

Leimara aliwajibu kwa boti iliyofuata. Aliwapelekea nyundo.