Mama Hariri wa Tandika

Pale Tandika ukimuulizia Mwanabaraka binti Hija utazungushwa soko zima. Muulizie Mama Hariri, utashikwa mkono mpaka kwenye meza yake ya vitambaa.

Jina hilo alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Wenzake wanauza kitambaa. Yeye anauza kitambaa pamoja na safari yake. Atakukunjulia kipande cha zambarau, akipitishe taratibu shavuni kwa mtoto uliyembeba, mtoto acheke, kisha aanze.

"Huyu ni kiwavi tu, mwanangu, kazi yake kula majani ya mforsadi. Akishiba anajizungushia uzi, anajifungia ndani kama mwali. Wachina wakaificha siri hiyo miaka na miaka. Ukikamatwa unatoroka na mdudu, shingo yako halali yao. Mpaka inafika huku kwetu, wanaoivaa ni wake za masultani. Leo unaivaa wewe wa Temeke, na bado unataka nipunguze?"

Baada ya hapo nani ataendelea kuomba apunguziwe?

Hariri ya kweli aliishika ujanani, alipokuwa akifua nguo kwa bibi mmoja wa Upanga. Siku moja akaiunguza kwa pasi. Nyumba nzima ikanuka nywele zilizoungua, na kazi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo yeye na hariri hawajaonana tena. Vitambaa vyake ni vya Kariakoo: vinateleza, vinang'aa, vinatosha. Siri hiyo alikuwa nayo peke yake, na ndiyo iliyomweka mjini.

Sasa mtoto wa kaka yake, Sadallah, akapata mchumba Bunju. Sadallah ni mrefu wa kuinamia kila mlango, kwa hiyo shangazi akamkatia kitambaa kingi cheupe, akashonewa kanzu ya harusi. Vijana wa kijiweni walikoma kwa majigambo yake.

"Hii hariri tupu, braza. Mkono wa shangazi huu."

Bi Mwanabaraka aliyasikia hayo akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi, maana alijua kanzu ile haijawahi kuonana na mdudu.

Siku ya ndoa, Mzee Twaha, baba mdogo wa bibi harusi, ndiye aliyekuwa walii. Akaushika mkono wa Sadallah ili amuozeshe. Vidole vikagusa kanzu, vikateleza. Akauachia mkono.

"Kitambaa gani hiki, kijana?"

"Hariri, mzee. Hariri tupu," Sadallah akajibu, kifua mbele.

"Hariri mwanamume havai, dini imekataza. Kabadili, ndo tuendelee."

Ikaazimwa kanzu ya jirani. Ikamwishia Sadallah magotini, kama mtoto aliyeizidi kimo kanzu yake ya madrasa. Ya pili ikagoma mabegani. Wajomba wakainamisha vichwa, mabega yakiwatikisika kwa kicheko. Mzee Twaha hakucheka. Akakunja miguu vizuri kwenye mkeka, akasema yeye anasubiri.

Habari ikafika upande wa wanawake. Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa katikati ya wateja wake, kila mmoja kavaa kipande alichouziwa na hadithi yake. Akinyamaza, harusi inalala. Akisema, meza ya Tandika inalala. Akajipepea kitambo. Kisha akamwona Farida, bibi harusi mwenyewe, akichungulia mlangoni, hina mpaka kwenye viwiko. Akainuka, akavuta mtandio, akaenda barazani kwa wanaume.

"Mzee Twaha, niazime kiberiti."

Akachomoa uzi kwenye pindo la kanzu ya harusi, akauwasha. Ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kidonge cheusi.

"Hariri ikiungua inanuka nywele. Hebu nusa hii."

Mzee akanusa. "Inanuka ndoo ya plastiki."

"Basi muozeshe. Mdudu wa hii alizaliwa kiwandani."

"Lakini shangazi, si uliniambia..."

"Nyamaza, unaoa."

Ndoa ikafungwa. Aliporudi kwa wanawake, habari ilikuwa imeshamtangulia. Bupe, jirani yake, mtu wa Mbeya, alikuwa amelishika gauni lake kwa vidole viwili.

"Bi Mwana, na hili langu?"

"La kwako mdudu alikuwepo."

"Enhee?"

"Ila alikuwa amefunga."

Bupe akaangua kicheko, wengine wakafuata. Kiberiti kikaanza kupita mikononi. Watu wakachomoa nyuzi, wakanusa, wakachekana. Bi Mwanabaraka akala pilau lake bila kuinua macho.

Jumatatu alifungua meza hana hadithi. Akatandaza vitambaa, akakaa. Wa kwanza kufika walikuwa wanaume wawili waliokuwa wamekaa barazani kule Bunju.

"Shikamoo, Mama Hariri. Tunataka ile ya Sadallah. Ile hariri ya halali."

Akawatazama vizuri, kama wanamtania. Wapi! Mdogo wa mmoja wao alikuwa anaoa, na ndugu wote wa kiume wanataka kung'aa bila kugombana na walii.

Bi Mwanabaraka akakohoa kidogo. Akakunjua kile cheupe, akakipitisha mkononi kwa yule wa karibu.

"Hii, baba," akaanza, "kwanza hakuna mdudu aliyeuawa."