Pampu Iliyovuma Bila Fyuzi

Mchungaji wetu ameniambia niache kusimulia jambo hili, eti natia watu hofu. Nitasimulia tu. Sikuota, wala sikuwa nimeonja kitu. Ilikuwa saa tisa mchana, jua likiwaka.

Mimi ni daktari wa mifugo, huku upande wa Migwani. Siku hiyo nilipigiwa simu: ng'ombe wa mama mmoja ameshindwa kuzaa, mguu mmoja tu wa ndama ndio umetoka. Nikarukia skrambla yangu, ile pikipiki ndefu ya njia mbovu, ya injekta, isiyo na kabureta. Nilikuwa nimeinunua miezi miwili kabla, kwa mjane mmoja wa Malili.

Nikivuka mto wa mchanga, uliokauka, katikati kabisa, ikakohoa mara mbili, ikazima.

Unazijua pikipiki za injekta? Ukiwasha swichi, pampu iliyo ndani ya tangi huvuma kidogo, ziii, halafu hunyamaza. Hapo unajua petroli inasukumwa. Nikawasha swichi. Kimya. Nikafungua kifuniko cha tangi: petroli iko, nusu nzima. Nikachomoa fyuzi ya pampu, nikaiinua juani. Haijaungua. Sasa shida ni nini?

"Sio fyuzi," mtu akasema nyuma yangu.

Nilishtuka. Mto wote ule ni mchanga mtupu. Mtu akija unamwona toka mbali. Alikuwa mwanamume wa rika langu, amevaa koti la mvua, na jua lile lote! Suruali yake imelowa hadi kiunoni.

"Ni waya wa pampu," akasema. "Chini ya tangi, pale unapojikunja. Umekatika kwa ndani, nje unaonekana mzima."

"Kwani wewe ni fundi?"

Akaweka kiganja juu ya tangi, na pampu ikavuma. Niamini, fyuzi ilikuwa bado katikati ya vidole vyangu! Ikavuma, ikavuma, mpaka alipoondoa mkono.

"Usitengenezee hapa," akasema. "Sukuma kwanza. Mimi nilitengenezea hapa."

Ningebishana naye vipi? Nikasukuma. Magurudumu yalizama, nikasukuma mpaka kifua kikaniwaka. Nilipofika ukingoni tu, nikasikia mngurumo kama wa malori mengi yakishuka mlima. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Kwetu hata wingu hakuna. Maji yakaja kama ukuta, mekundu, yamebeba miti mizima.

Nikageuka kumwita. Alikuwa amerudi pale pale pikipiki ilipozimia, amechuchumaa, vidole vinafungua kitu ambacho hakipo.

"Ndugu, toka! Toka!"

Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Hakuinua hata kichwa. Maji yakamfunika.

Nilipapasa chini ya tangi, nikavuta ule waya. Ukanyumbuka kama mpira. Shaba ya ndani imekatika kweli. Nikauunga, nikarudisha fyuzi. Ziii. Nikazungukia darajani, mbali. Ng'ombe nilimkuta hai. Ndama, hapana.

Jumapili nikaenda Malili.

"Mama," nikamwambia mjane, "bwana yako alifariki vipi?"

Akaketi kwanza. "Ningekuambia, daktari, ungeinunua?"

Mumewe alisombwa na mto akiitengeneza. Pikipiki ilipatikana siku ya tatu, imekwama kwenye mizizi. Fundi akaifungua yote, akaisafisha. Mwili mpaka leo haujaonekana. Nikamweleza yote niliyoyaona. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu:

"Bado anaitengeneza?"

Niliitikia kwa kichwa, nikaondoka bila kuaga.

Sasa ile pikipiki iko nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai. Kuipanda siwezi, na kumuuzia mtu naogopa dhambi. Sauti yangu haijarudi vizuri tangu siku ile. Hata simu nikipokea watu huuliza kama ni mimi.

Na wewe unayenunua kitu cha mtu, uliza mwenyewe yuko wapi. Pikipiki ikikuzimikia mtoni, usifungue hata skrubu moja kabla hujafika ng'ambo. Na ukimkuta mtu amechuchumaa mchangani peke yake, hana pikipiki, usimuulize anatengeneza nini.