Chumba Nisichokitaja

Madam alipokarabati nyumba yake Riyadh, nilikofanya kazi za ndani, fundi alimshauri aweke AC zinazopoza na kupasha joto pia, kwa kuwa hazili umeme kama hita za kawaida. Madam akaniuliza vyumba gani vina baridi zaidi, maana mimi ndiye niliyevisafisha. Nikavitaja vyote isipokuwa chetu cha juu ya paa, nilichokaa na dada Mkenya aliyenizidi umri. "Sisi tumezoea," nikasema, ili nionekane sina makuu. Madam akanisifu. Mjinga mimi, nikafurahi.

Baridi ilipokuja, dada yule alilala na abaya juu ya sweta na bado akaamka akikohoa. Kila asubuhi alimwomba Mungu aulainishe moyo wa madam. Nami niliitikia amina.