Tairi la baba lililoshonwa uzi wa nailoni

Nimekaa stendi ya Tunduma na matairi mawili mapya mapajani. Kurudi nyumbani Ihanda nashindwa.

Asubuhi nilikuja kutafuta matairi ya baiskeli ya resi ya marehemu baba. Ni ya zamani, ile nyembamba, saizi yake haipatikani hovyo. Ndiyo maana nikabeba tairi lake la mbele lililopasuka, wapimie hilo.

Duka la kwanza wakanipa la Kichina, pana.
La pili wakacheka tu, wakanielekeza kwa fundi mmoja mzee nyuma ya soko.

Fundi akalipokea, akaligeuza nje ndani. Akapitisha kidole kwenye uzi wa nailoni.

"Huu mshono ni wangu. Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia tumemzika mwezi uliopita. Alianguka na baiskeli mteremkoni, siku ya Alhamisi.

Akakaa chini, jamani. Mtu mzima yule.

"Nilimwambia, mwanangu. Tairi la kushona usishukie nalo mlima. Akasema ngoja avumilie mpaka Jumamosi, apate hela."

Akaingia ndani, akatoka na matairi mawili. Yameandikwa jina la baba kwa chaki. Baba alishayachagua mwenyewe.

Nyie, mngemjibu nini?

Maana sisi nyumbani tulichukulia tu alianguka kwa kulewa. Baba alikuwa anakunywa, basi hakuna aliyehangaika kuangalia tairi.

Na aliyeshika kipaza sauti pale makaburini, akawaambia vijana waone pombe ilivyommaliza baba yake, ni mimi.