Kitabu cha Mwalimu Kimegeuka Kwaya

Juzi nilikuwa Makambako, kwenye kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi, akaingia mwalimu mmoja mstaafu kuchukua kanda zake mbili, moja iliyojaa na moja tupu ya kutolea nakala. Huyu ana kompyuta kuukuu aliyoachiwa na wamisionari, anaichomeka kwenye televisheni. Programu zake anajiandikia mwenyewe, na kila anachotunga anakihifadhi kwenye kanda za kawaida za muziki, kompyuta ikigeuza maandishi kuwa milio. Miaka miwili alikuwa anatunga kitabu humo, huku akitucheka sisi tunaoandika kwa kalamu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita alinicheka mara mbili.

"Umenitolea nakala?" akamuuliza fundi.

"Mwalimu, kanda yako ilikuwa mbovu. Inalia tu kama bawaba kavu. Nikaifuta, nikakuwekea kwaya kwenye zote mbili. Hiyo nimekufanyia bure."

Mwalimu akashika kaunta kwa mikono miwili. "Hizo kelele ndizo kitabu changu."

"Chote?"

"Chote."

Fundi akakuna kichwa. "Lakini kwaya ni nzuri, mwalimu. Sikiliza kwanza."

Mwalimu hakusikiliza. Aliomba kalamu ambayo fundi huandikia majina ya nyimbo, akageuza karatasi ya ndani ya kaseti, akaanza kuandika sura ya kwanza pale pale, kabla haijamtoka kichwani.

Karatasi ile haitamfikisha hata ukurasa wa pili, kwa hiyo nimempelekea daftari. Namhakikishia jambo moja tu: hilo hakuna fundi atakayelirekodia kwaya.