Jina la Mwanaidi Katika Daftari la Walengwa

Siku ya kwanza kazini, miaka ile ya mwanzo wa uhuru, Daktari wa Wilaya alinikabidhi Landrova, dereva, sanduku la vidonge na daftari tupu. Nilikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, nimetoka chuoni juzijuzi. Kazi yetu ilikuwa kuwafuata wagonjwa vijijini, toka Msambweni hadi Shimoni.

"Walengwa wako," akaniambia, "ni waliokwisha kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Vidonge ni vya hao tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Nimeelewa wapi! Bwana Chifu alikuwa na orodha yake, ya waliofanya fujo sokoni. Kina mama wakaniletea wenye kifafa. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, hadi karatasi ikatoboka.

Katika kijiji cha Kibuyuni nikamkuta Mwanaidi. Alikuwa na wiki sita tangu kujifungua, hasemi, halali, mtoto akilia hageuki. Mtoto alikuwa amekonda vibaya. Lakini Mwanaidi hakuwahi kulazwa popote, wala hakumfanyia mtu fujo.

"Ana pepo," alisema mumewe Bakari, fundi seremala. "Ijumaa tutampunga kwa ngoma, atatulia inshallah."

Wallahi, yule mtoto alinitia uchungu. Nikaandika uwongo daftarini na kwenye kadi ya matibabu ya Mwanaidi: alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili kabla hajaolewa. Nikampa vidonge, na ngoma ikapigwa vilevile. Baada ya miezi mitatu Mwanaidi alinipokea mlangoni, "Karibu kaka," mtoto yuko kifuani ananyonya. Kilichomponya ni vidonge au ngoma? Sijui, msiniulize.

Kisha shemeji yake, nduguye Bakari, karani wa Ukunda, akaisoma ile kadi. Kumbe pepo si aibu. Humpanda mwanamke yeyote, akapungwa, akabaki mke wa watu. Lakini aliyelazwa na wenda wazimu, tena kwao wakamficha mume jambo hilo? Bakari akatoa talaka.

Nikaenda mbio. "Bakari, niliandika uwongo mimi."

"Uliidanganya serikali," akasema, "au unanidanganya mimi sasa?"

Ningekwenda kwa Daktari nikakiri, jina lingefutwa na vidonge vingekatwa, naye Mwanaidi bado alivihitaji. Na mimi ningefukuzwa. Ni lipi lililonifunga mdomo? Nimeligeuza miaka yote, sijalipata. Nilinyamaza.

Nikapanda cheo, nikawafundisha wauguzi wapya namna ya kuwatambua walengwa, kwa sauti ya mtu anayejua. Eti!

Nilipostaafu, Mwanaidi alikuja kwangu Msambweni. Hakuwa ameolewa tena. Tulijuliana hali, akanywa maji, kisha akaniuliza taratibu:

"Kaka, wewe ulisoma. Nilikuwa na kichaa, au nilikuwa na pepo?"

"Ulikuwa mgonjwa, dada. Umezaa, umechoka, ukaugua. Basi."

"Hilo ndilo uliloandika?"

"La."

Akajifunga buibui vizuri, akainuka. "Ungeliandika hilo," akasema.

"Halikuwa na mahali pake daftarini," nikamjibu. Na ndivyo ilivyokuwa, lakini aliniangalia mpaka nikaona haya.