Nilimlipizia Deo kisasi kwa sababu ya mkuyu

Nilikosa, tena kwa makusudi. Nakuandikia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua hapa kwenye mtaa wetu, karitie ya Cibitoke, hawanisalimii tena.

Mi ni mchoraji. Miaka ya vita niliandika majina ya saluni na maduka ili nipate kula, lakini nilichopenda kuchora ni miti mizee. Watu walinicheka, sikujali. Mmoja niliupenda kuliko yote, mkuyu uliokuwa kwenye kiwanja cha jirani yangu Deo, fundi magari. Niliuchora tangu ujana, masika na kiangazi, nikajua kila fundo lake. Vita vilipofika kwetu nilikimbilia Ruziba kwa dada yangu. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokwenda kuangalia si nyumba yangu, ni ule mti. Nilipoukuta umesimama, nililia.

Goreti, mke wa Deo, aliuawa katika kukimbia huko. Deo alibaki na watoto watatu, gereji imefungwa, embargo imekaza, petroli haiingii nchini. Usifikiri sikujua. Nilijua yote.

Siku moja nilirudi kutoka Rohero, katikati ya mji, nikakuta mkuyu umelala chini, wachoma makaa wanaukata vipande.

“Deo, umefanya nini?”

“Nimekata muti, jirani.”

“Ungeniambia kwanza.”

“Nikuambie nini? Watoto wanataka kula.”

Nilimpa mgongo nikaenda zangu. Moyoni nilisema, we utanilipa.

Haikupita miezi miwili akaja mwenyewe mlangoni kwangu. Mkono mmoja nusu gunia la makaa, mwingine foto ndogo ndani ya plastiki. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, na foto zote za Goreti ziliungua isipokuwa hiyo moja, nayo ilianza kufifia. Alitaka nimchoree picha kubwa ya ukutani, watoto wasije wakasahau sura ya mama yao.

“Pesa sina,” akasema. “Nimekuletea makaa. Nasikia nyinyi wachoraji munaweza kuchora na makaa.”

“Makaa ya wapi?”

“Ya ule mukuyu.”

Hakuwa ananitania. Deo hakuwa mtu wa utani. Lakini mi nilisikia kichwa kinapasuka. Nikamwambia aache foto, arudi wiki ijayo.

Alipoondoka niliwasha mbabura, jiko langu la makaa, kwa makaa yale yale, nikaiweka foto juu ya moto. Ilijikunja, ikatoa harufu ya plastiki, ikaisha. Nikabandika chai. Nisikudanganye, chai ile niliinywa kwa raha.

Aliporudi nilimwambia watu wenye bunduki wamepekua kwangu na kuchukua karatasi zote, na foto ikiwemo. Aliamini. Tena akaenda kuwauliza. Alikwenda mpaka kwenye kizuizi chao barabarani kuomba foto ya mke wake. Walimpiga, wakamvunja mkono wa kulia, na haukunyooka tena. Mkono wa fundi. Hata hapo nilijiambia, acha naye ajue maana ya kukatwa.

Vita viliisha. Hasira yangu niliendelea kuilea.

Miaka mingi baadaye akaja Aline, binti yake wa mwisho, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Aliniita tonto, kama angemwita mdogo wa baba yake.

“Tonto, we ulikuwa jirani ya mama. Unichoree sura yake, hata kwa kukumbuka tu. Nataka iwepo siku ya harusi.”

Nilichora siku tatu. Kila niliyemaliza kumchora alikuwa mwanamke mwingine. Deo alizitazama moja moja, akatikisa kichwa.

“Apana, huyu si Goreti. Lakini usijilaumu, jirani. Ni wale wa bunduki walituharibia.”

Huko kunihurumia ndiko kulikonivunja. Nikasema kila kitu, mbele ya binti yake.

Aline aliuliza neno moja tu. “Sababu ya muti?”

Akachukua mkoba wake, akatoka. Harusini sikualikwa.

Deo alibaki amekaa. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Akaniuliza polepole, “Kwenye ile foto alikuwa amevaa nini? Mi nimeanza kusahau.”

Mkuyu ule naweza kuuchora hata leo nikiwa nimefumba macho, tawi kwa tawi. Foto ile niliishika kwa mikono yangu, na sikuiangalia.

We unayesoma, kama kuna mtu amekuharibia kitu ulichokipenda, sikwambii umsamehe. Mi mwenyewe sijui kama nimemsamehe Deo. Mkasirikie, mtukane, mshitaki kwa wakubwa wa karitie ukitaka. Lakini siku atakapokuletea kitu chake na kukiweka mkononi mwako, usikipokee. Mwambie usoni, mi bado nakuchukia, peleka kwa mwingine. Ataondoka amekasirika, lakini ataondoka nacho.